Nililisahihisha jibu langu kimyakimya, na sasa mzee wa watu anachekwa

SUALA

Assalamu alaykum, Maalim.

Nakuandikia kutoka Wete, na naomba uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, kwani jambo lenyewe limenikosesha raha tangu mvua za vuli na sijampata mtu wa kumweleza akanielewa. Mimi ni fundi wa redio na simu. Jioni nikishafunga duka hukaa nikijibu masuala katika jukwaa moja la mtandaoni, ambalo watu huuliza mambo ya kilimo, ufundi na masomo, na wenye kujua huwajibu. Elimu yangu si kubwa, lakini nimekulia shambani, na majibu yangu kuhusu karafuu yamekuwa yakipokewa vizuri.

Msimu uliopita mama mmoja aliuliza afanye nini mvua ikiwadia na karafuu zake hazijakauka. Nikamjibu azikusanye chungu moja katikati ya jamvi, azifunike turubai la nailoni hadi asubuhi, kisha azirejeshe juani. Jibu lilipata kura nyingi na mama yule akaliteua kuwa jibu bora. Baada ya wiki mbili mzee mmoja wa Konde akaandika chini yake: "Nimefanya hivi siku mbili, karafuu zangu zimepauka na zinanuka uchachu. Ushauri huu si sahihi." Nikenda kumuuliza ami yangu, naye akaniambia kuwa mzee amesema kweli. Karafuu mbichi ikirundikwa na unyevu wake, ikakosa hewa, hupata moto na kuchacha, na ikishapauka haina tena bei. Ilikuwa nimwambie yule mama aziingize ndani, azitandaze sakafuni tabaka jembamba na awe anazigeuza.

Niliona haya sana. Usiku uleule nikalifungua jibu langu, nikaifuta sentensi ile, nikaandika njia iliyo sawa, na sikusema neno. Nilidhani nimefanya wema, maana atakayesoma kesho atapata kilicho sahihi. Lakini maoni ya mzee yalibaki palepale, na sasa yanasomeka kama ya mtu aliyeambiwa atandaze, naye akarundika. Mmoja akamwandikia, "Mzee, soma kwanza ndipo ulalamike." Mwengine akamuuliza kama miwani yake ameiacha msikitini. Mzee hakuandika tena.

Nina na la pili. Mwezi uliopita mtu mmoja, nadhani ni wa Bara, aliingia katika jibu langu jengine, lililohusu umeme wa jua katika skuli ya kijijini, akalihariri bila ya kuniuliza. Niliandika kwamba betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 itawasha taa sita za wati 10 kwa saa 20. Yeye akaweka saa 10. Pia akageuza kila "skuli" ikawa "shule" na kila "mwengine" akawa "mwingine". Nilikasirika, nikalirejesha jibu lote kama lilivyokuwa, na sasa ananiita mkaidi mbele za watu. Rafiki yangu ananishauri kwamba jibu likishatoka lisiguswe kabisa, si na mimi wala na mtu mwengine, kwa kuwa kauli ya mtu ni kauli yake. Nishike lipi, Maalim?

Mjibu Masuala, Wete


JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonipa matumaini ni kwamba kinachokukosesha raha ni mzee wa watu, wala si jina lako. Nitaanza na rafiki yako, kwa sababu ushauri wake ndio utakaoleta madhara makubwa zaidi ukiufuata.

Anasema kauli ya mtu ni kauli yake. Hilo lina ukweli barazani, ambapo waliosikia wamesikia, na kahawa ikimalizika kila mtu anakwenda kwao. Jibu lililoandikwa mtandaoni halendi kwao. Mtu wa Micheweni atalikuta baada ya miaka mitatu, akilitafuta alasiri na wingu limeshatanda, na kwake yeye maneno yale yatakuwa kama yameandikwa leo kwa ajili yake. Stack Overflow, jukwaa la masuala ya utengenezaji wa programu za kompyuta lililofunguliwa mwaka 2008, lilijengwa juu ya fikra hiyo tangu mwanzo: jibu linaharirika, tena si na mwandishi wake peke yake bali hata na wasomaji wengine, kwa kuwa wanaolifikia kwa kutafuta ni wengi mno kuliko yule mmoja aliyeuliza. Kuliacha kosa unalolijua liendelee kusimama, kwa ajili ya kulinda kauli yako tu, ni kumfanya mtu usiyemjua alipie heshima yako kwa karafuu zake.

Na sisi watu wa visiwa hivi tuna mfano wa karibu kuliko huo. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, aliyajibu masuala mengi alipokuwa Iraki, kisha akahamia Misri, na huko, kabla ya kufariki dunia mwaka 820, akayaangalia upya majibu yake na mengi akayabadilisha. Kila aliyesoma fikihi chuoni, hata kidogo, amesikia habari ya kauli ya kale na kauli mpya. Hatukufundishwa kumwona kigeugeu kwa hilo. Tulifundishwa kuwa ni uchamungu. Lakini angalia na upande wa pili wa jambo hilo. Kauli ya kale haikufichwa. Wanafunzi wake waliihifadhi na kuitaja pamoja na mpya, hata leo msomaji anaoneshwa ipi ni ipi, na yako masuala machache ambayo wanazuoni wa madhehebu yenyewe wameendelea kuifuata ile ya kale. Aliyekuwa Baghdad na kutenda kwa mujibu wa jibu la mwanzo hakuachwa aonekane kuwa amezua jambo kichwani mwake.

Hapo ndipo ulipoteleza, mwanangu. Kulibadilisha jibu ilikuwa haki na wajibu, na sitaki ujilaumu kwa hilo. Ila jibu lako lilikuwa na wasomaji wawili, wa kesho na wa jana. Wa kesho ulimpa kilicho sawa. Wa jana ulimwondolea ardhi aliyokuwa amesimama juu yake, naye akabaki amening'inia mbele za watu. Maoni yake yalikuwa na sehemu mbili: alichofanya, na kilichompata. Neno "hivi" katika "nimefanya hivi" lilikuwa likiielekea sentensi yako ya turubai. Ulipoifuta sentensi, "hivi" ikaielekea sentensi mpya, na shahada ya kweli ya mtu mzima ikageuka kuwa uongo bila ya yeye kubadilisha hata herufi moja. Msimu mzima wa mzee unaweza kuwa umo ndani ya neno hilo. Wewe unajua kuwa kilo 3 za karafuu mbichi hubaki takriban kilo 1 ikishakauka, na kwamba kila kilo hiyo imepandiwa mkarafuu, ikachumwa, ikachambuliwa makonyo kwa mkono usiku taa ikiwaka. Aliyepoteza hayo ndiye aliyejitolea kuja kukuonya, naye malipo yake yakawa ni kuulizwa miwani.

Huenda ukasema kwamba historia ya jibu imo na anayetaka ataiona. Katika majukwaa ya jamii ya Stack Exchange, ambayo Stack Overflow ni moja wapo, ndivyo ilivyo: mwandishi akihariri ndani ya dakika 5 za mwanzo hakuandikwi toleo jipya, lakini baada ya hapo kila badiliko linahifadhiwa, na msomaji yeyote anaweza kulifungua na kuona kilichofutwa na kilichoongezwa. Tena wameweka jambo moja ambalo mimi naliona ni la uadilifu mkubwa. Kura uliyoipiga hufungwa baada ya muda mfupi usiweze kuibadilisha, ila jibu likihaririwa hufunguliwa tena. Maana yake ni kwamba waliolitengeneza jukwaa wanakiri kuwa jibu lililobadilishwa si lile lililopigiwa kura, na mpigaji ana haki ya kufikiri upya. Hata hivyo, watu wachache sana huifungua historia hiyo. Waliomcheka mzee hawakuifungua. Uadilifu uliofichwa nyuma ya kitufe hautoshi pale ambapo mtu amedhurika. Inabidi uletwe mbele, kwa maneno.

Basi rudi kwenye jibu lile. Njia sahihi iache juu, safi, ili mwenye haraka asihangaike, na chini yake andika mistari kama hii: "Hapo mwanzo jibu hili lilishauri karafuu zirundikwe na kufunikwa nailoni. Huo ulikuwa ushauri mbaya, na waliouandika ubaya wake katika maoni walisema kweli. Nimeusahihisha baada ya kuonywa nao." Usiongeze visingizio, wala usieleze kuwa ulikuwa umechoka au duka lilikuwa na watu. Na usiifufue ile sentensi yenyewe kwa ukamilifu wake kana kwamba ni maelekezo, kwa sababu yupo atakayesoma kwa haraka akashika hiyo.

Ningependa pia uiache ile desturi ya kuandika "Nyongeza", kisha "Nyongeza ya pili", kisha "Nyongeza: samahani, niliyosema juu siyo". Nimeliona jibu moja la kupanda muhogo lililokuwa na nyongeza saba, na ili kujua urefu wa kipande cha mbegu ilinibidi nisome ugomvi wa mwandishi na nafsi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Jibu liandikwe kama linavyostahiki kuwa leo, yaani kama kwamba ungelijua yote tangu siku ya kwanza, na taarifa ya badiliko iwe fupi na iwepo tu pale badiliko linapomhusu aliyekwisha kusoma. Ukisahihisha herufi, nukta au jina la mahali, sahihisha ukae kimya. Hakuna aliyepoteza kitu. Lakini hata hayo usiyafanye kila siku kidogokidogo, kwani katika majukwaa mengi suala ambalo jibu lake limeguswa hupanda tena juu ya orodha, na kila lako linapopanda, suala la mtu ambaye bado hajajibiwa linashuka. Yakusanye masahihisho madogo uyafanye kwa mara moja.

Kuna mpaka mwengine ambao sijui kama umewahi kuuvuka, lakini wajibu-masuala hodari ndio wanaouvuka zaidi, kwa hivyo naufikisha. Akija mtu baada yako akatoa jibu lililo bora kuliko lako, usilichukue la kwake ukalimiminia ndani ya lako kwa sababu lako ndilo lenye kura. Mtaje, waelekeze watu kwake, au mpigie kura. Na ukigundua mwenyewe njia tofauti kabisa, kwa mfano kukausha kwa moshi au kwa mtambo badala ya jua, liandike liwe jibu la pili lenye kusimama peke yake, jambo ambalo Stack Exchange inaliruhusu na majukwaa mengi mengine pia. Waliolipigia kura jibu la jua walilipigia la jua. Kura zao ni amana, na hauwezi kuihamisha amana ya watu ukaiweka juu ya kitu wasichokiona.

Yule mama aliyekuuliza naye umemsahau katika barua yako. Alilikubali jibu lako siku lilipokuwa na kosa, na huenda msimu ujao akaufuata ushauri uleule kwa kumbukumbu, bila ya kufungua simu. Mwandikie moja kwa moja. Halafu uliza, katika makundi ya WhatsApp ya wakulima uliyonayo, kama kuna aliyepeleka picha ya skrini ya jibu lile la mwanzo. Picha haihaririki. Hata ujumbe wenyewe wa WhatsApp, tangu waruhusu kuuhariri mwaka 2023, unaweza kubadilishwa ndani ya dakika 15 tu, na baada ya hapo kosa linakwenda mbio bila ya wewe. Dawa yake ni kulifuata kwa miguu yako: tuma masahihisho katika kila kundi ulilolikuta, na useme wazi kuwa yanalifuta lile la kwanza.

Sasa nije kwa mhariri wako wa Bara, ambaye nakuomba umtazame kwa jicho jengine. Kuhusu betri yeye ndiye aliye sawa, na wewe unalijua hilo kwa ufundi wako. Volti 12 kwa ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ukiikamua hadi tone la mwisho kila usiku unaiua mapema, na mafundi huhesabu nusu yake, yaani wati-saa 600. Taa sita za wati 10 zinakula wati 60. Zitawaka saa 10. Ulipolirejesha jibu lote kwa hasira ulizirejesha na zile saa 20, na jibu hilo linasomeka hivyo hadi sasa hivi. Mwalimu mkuu wa kijiji fulani anaweza kuchangisha wazee wa wanafunzi pesa za betri moja, akitegemea maneno yako, na mwezi wa mitihani taa zikazimika watoto wakiwa madaftarini.

Kuhusu lugha, haki ni yako, na nalisema hili kwa moyo wangu wote. "Skuli" si kosa la kusahihishwa. Ni neno linalotumiwa na Wizara ya Elimu ya Zanzibar katika maandishi yake rasmi, limeandikwa katika mabango ya milango ya skuli zetu Unguja na Pemba, na mtoto wa Wete analisoma kabla ya kusoma jina lake. "Mwengine" na "jengine" ni namna yetu ya kusema na kuandika tangu enzi za mababu. Anayehariri jibu la mtu anatengeneza kilichoharibika, hageuzi sauti ya mwenyewe. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza wamelikubali hilo katika kanuni zao: makala iliyoandikwa kwa tahajia ya Uingereza haigeuzwi ikawa ya Marekani pasipo na sababu ya maana, wala ya Marekani haigeuzwi ikawa ya Uingereza. Kiswahili kina nchi na visiwa vingi zaidi ya kimoja, nacho kinastahiki adabu hiyohiyo.

Lakini kosa lake la lugha halikukupa ruhusa ya kuitupa hesabu yake. Badiliko la mtu lina vipande, na kila kipande kinapimwa peke yake. Katika Stack Exchange, mgeni mwenye alama za sifa chini ya 2,000 akipendekeza badiliko hupelekwa kwanza kwa wakaguzi, na mwenye jibu akilikubali au akilikataa neno lake linatosha. Mwenye jibu pia anaweza kulikubali huku akiligeuza, akabakisha lililo jema na kuondoa lisilofaa. Jukwaa lako hata kama halina utaratibu huo, mkono wako unao. Weka saa 10, weka "skuli", na umwandikie: "Ahsante kwa kunisahihisha hesabu ya betri, nimeirejesha kama ulivyoiweka. Skuli na mwengine nimeviacha, kwa kuwa ndivyo tunavyoandika Zanzibar. Niwie radhi kwa kulirejesha lote siku ile." Ninaamini atanyamaza kukuita mkaidi, na asiponyamaza basi wewe utakuwa umeshamaliza lako.

Anza na betri, kwa sababu hiyo bado inadhuru. Kisha liandike lile la karafuu kama nilivyokuonesha. Halafu panda gari uende Konde, kwani si mbali na Wete, na jambo la namna hii halimalizwi kwa ujumbe. Usimtolee simu kabla ya kumwamkia na kukaa. Mwambie kuwa ni wewe uliyeandika maneno ya turubai, kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli, na umuulize karafuu zake zilikuwa gunia ngapi. Kama una uwezo wa kumsaidia chochote msimu ujao, hata mikono yako ya kuchambua, mwambie siku ileile. Akikubali, muombe ruhusa ya kumtaja katika masahihisho kwamba yeye ndiye aliyekuonya.

Na wale wawili waliomcheka, wajibu mmoja mmoja chini ya maneno yao, kwa jina lako, uwaambie mzee alisoma sawasawa na kilichobadilika ni jibu. Hilo halihitaji kusubiri safari ya Konde. Lifanye usiku wa leo.